Babu Fundi: "Nimerithi pinboli ya mjomba, naogopa hata kuigusa"

Shikamoo Babu Fundi,

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Jinja, nina kibanda sokoni, huu ni mwaka wa tisa. Cherehani ya mkono, ya kukanyaga, ya mota, zote nafungua na kufunga bila wasiwasi. Lakini kuna mashine moja nyumbani inanitetemesha mikono, nami naona aibu kumwambia mtu.

Mjomba wangu alikuwa na baa karibu na ziwa. Humo ndani kulikuwa na pinboli, ile mashine ya kioo yenye gololi ya chuma unayoirusha kwa mkono, halafu unaizuia isidondoke kwa vibao viwili vya pembeni. Nilipokuwa mdogo alinisimamisha juu ya kreti ya soda Jumapili asubuhi, kabla wateja hawajaja, nikacheza mpaka mama aje kunichukua. Mjomba alifariki mwaka jana. Mimi nililetewa pinboli kwa pikapu, kwa sababu aliacha amesema ni yangu.

Imeandikwa kuwa ilitengenezwa Chicago. Waya wake unaingia kwenye kisanduku kizito cha chuma kinachonguruma, na kisanduku ndicho kinachochomekwa ukutani. Nikiiwasha taa zinawaka. Nikibonyeza kitufe cha kuanza, kitu ndani kinazunguka tak-tak-tak bila kukoma, namba za juu zote zinarudi 0 isipokuwa moja iliyong'ang'ania 7. Mchezo hauanzi. Kabla ya hapo mjomba alikuwa akilalamika kwamba flipa ya kushoto, yaani kimoja cha vile vibao viwili, imechoka, haifikishi gololi juu. Siku moja nilisikia harufu ya kuungua, nikachomoa mbio.

Mwezi uliopita nilijikaza nikainua ubao. Babu, nyaya mamia! Za rangi rangi, zimefungwa pamoja kwa uzi, na swichi ndogondogo sikuweza kuzihesabu. Niliona pia fyuzi moja imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nilishusha ubao, nikaufunika kwa leso, na sijaufungua tena.

Kaka yangu anataka tuiuze chuma chakavu kwa kilo. Fundi wa televisheni aliyekuja kuiangalia alisema hii si kazi ya mwanamke, nyaya zote zing'olewe. Mama anasema ni mashine ya kamari, bora itoke nyumbani. Mimi sitaki itoke. Lakini naogopa kupigwa na umeme, na zaidi ya hapo naogopa niiharibu kabisa, iwe mimi ndiye niliyeua kitu cha mjomba. Nifanyeje?

Wako, Fundi Cherehani, Jinja

*

Marahaba mjukuu wangu, na pole kwa msiba.

Nianze na jambo moja kabla ya yote: usiichomeke tena mpaka ile karatasi ya sigara itoke. Katika barua yako nzima umetaja vitu vingi vinavyokuogopesha, na hicho ambacho kingepaswa kukuogopesha kweli umekitaja kwa kupita tu. Fyuzi ni uzi mwembamba uliowekwa makusudi ukatike kabla kitu cha maana hakijaungua. Mtu akiuzungushia karatasi ya fedha, kinachokatika hakipo tena, na moto unatafuta pengine pa kwenda. Pinboli ni kasha la mbao kavu, liko ndani ya nyumba yako.

Najua ilivyokuwa. Fyuzi iliungua usiku, wateja wamejaa, duka limefungwa, mjomba akatumia kilichokuwa mezani. Simlaumu. Lakini fyuzi haiungui bure. Ilikuwa inasema kitu, na nadhani harufu uliyoisikia ni kitu hichohicho. Nitakifikia.

Sasa hofu zako. Umeziweka kapu moja, nami nataka uzitenganishe, kwa sababu moja ni ya kuheshimiwa na nyingine haistahili kukunyima usingizi.

Umeme wetu hapa Uganda ni volti 240, na huo unaua. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka kama 120, ndiyo maana mjomba aliweka kile kisanduku kinachonguruma: ni transfoma ya kushusha umeme. Kitunze. Mtu akija akakwambia ni mzigo tu, akachomeka pinboli moja kwa moja ukutani, ataiunguza. Ndani ya mashine kuna transfoma nyingine inayoushusha umeme zaidi: taa hupata kama volti 6, na koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi ambao ukipata umeme huvuta chuma, hupata kati ya 24 na 50 katika mashine nyingi za aina hii. Kwa hiyo umeme mkali unakaa sehemu chache tu: waya wa kuingilia, swichi kubwa, fyuzi ya kuingilia na transfoma yenyewe. Nyaya mamia ulizoziona karibu zote ni za umeme mdogo.

Lakini sikiliza hili. Katika baadhi ya mashine hizi za zamani, ukizima mchezo transfoma inabaki na umeme maadamu plagi iko ukutani. Taa zimezimika, kimya, unadhani imelala, kumbe haijalala. Usiamini swichi. Chomoa plagi, iweke mezani mahali unapoiona kwa macho, ndipo uinue ubao. Mimi huiweka mbele yangu hadi leo, na nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 40. Na kabla ya kuiwasha tena, mwite fundi umeme mwenye leseni aangalie waya wa kuingilia. Mashine nyingi za umri huo zilikuja na waya wa njia mbili, hauna ethi, ule waya wa tatu unaopeleka umeme uliopotea ardhini. Aweke wa njia tatu, na ethi ifungwe kwenye chuma cha transfoma na vyuma vyote vya nje unavyovigusa ukicheza. Hiyo usijifunzie mwenyewe. Mlipe akufanyie.

Hofu ya umeme inaishia hapo: plagi mezani, fyuzi sahihi, ethi. Inayobaki ni ile ya kuharibu, na hiyo naijua.

Nilikuwa kijana Mombasa, katika karakana iliyotunza masanduku ya muziki na pinboli za baa za mabaharia. Mwajiri wangu aliniachia mashine moja akaenda sala ya Ijumaa. Ilikuwa haihesabu pointi za pembe ya kulia. Niliinua ubao nikaona ulichokiona wewe, nikapata kiwewe, na kwa kiwewe nikaanza kukunja swichi. Si moja. Nilikunja sita au saba, kila moja kidogo, nikitumaini mojawapo ndiyo. Mwajiri aliporudi mashine ilikuwa inajipa pointi yenyewe bila gololi. Ilituchukua siku mbili kurudisha kila ulimi wa swichi mahali pake, na katika siku hizo mbili hakunigombeza hata mara moja. Aliniuliza swali moja tu, akalirudia: "Ulibadilisha nini kwanza?" Sikuweza kumjibu.

Ona basi, hata mimi niliyekosea vile sikuiua. Mashine ya miaka ile haina ubongo wa kuungua. Haina bodi ya elektroniki, haina programu. Ina relei, ambazo ni koili ndogo zinazovuta swichi, na swichi zenyewe, na mota moja inayozunguka na kugusa swichi kwa zamu. Kila linalotokea ndani yake linatokea mbele ya macho yako. Cherehani ndivyo ilivyo: sindano inashuka, kitanzi kinashikwa, meno yanavuta kitambaa, na wewe umesimama unatazama. Fundi wa televisheni alisema zing'olewe kwa sababu yeye amezoea vitu vinavyofanya kazi bila kuonekana. Wewe hujazoea hivyo, na hapo umemzidi.

Tena mashine hizi zilijengwa kwa kujua kwamba zitaharibika. Gottlieb, Bally na Williams, wote wa Chicago, waliwauzia watu waliokuwa wakizunguka baa kwa baa na kisanduku cha vifaa, wakitengeneza palepale. Ndiyo maana ubao unainuka kwa bawaba, na mchoro wa nyaya mara nyingi uliachwa umekunjwa ndani ya kasha. Utafute chini kabisa, chini ya vumbi, au kwenye mfuko wa karatasi ukutani mwa kasha. Ukiupata, upige picha kwanza kabla hujaukunjua, maana karatasi ya miaka hiyo hukatika kwenye mikunjo.

Na ule uzi uliouona umefunga nyaya, rudi ukautazame kwa karibu. Utaona fundo linarudiwa kila baada ya vidole viwili vitatu, sawasawa, kama ponta. Ni mkono wa mtu. Viwandani Chicago kazi ya kufunga nyaya na kulehemu ilifanywa sana na wanawake, wamepanga foleni kwenye meza ndefu. Aliyekwambia si kazi ya mwanamke alikuwa ameshika kazi ya wanawake mkononi.

Haya, tuje kwenye flipa ya kushoto, na nakuomba uanze na hiyo tu. Siku ya kwanza usiguse kitu kingine.

Plagi mezani. Ondoa gololi kwanza, isije ikavunja kioo au taa ubao ukiinuka. Inua ubao, uwashe tochi ya simu. Chini ya flipa utaona koili, imekaa kama rili kubwa ya uzi, na kijiti cha chuma kinachoingia ndani yake. Isukume flipa kwa kidole. Kijiti kinapaswa kuteleza ndani bila kukwaruza, na springi iirudishe bila kusita. Fanya hivyo upande wa kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Mkono wako unajua tofauti, ni mkono wa fundi. Usipoona tofauti, vizuri, tatizo liko kwenye umeme. Ukisikia kushoto kunakwama, bomba la plastiki lililo ndani ya koili limechakaa au limeyeyuka.

Koili ya flipa kwa kweli ni mbili ndani ya moja. Ya waya mnene ina nguvu nyingi, kazi yake kupiga. Ya waya mwembamba kazi yake ni kuishikilia flipa iliyokwisha kupanda, kidole chako kikiwa bado kwenye kitufe. Kinachopokezana baina yao ni swichi moja ndogo ya ndimi mbili, iko hapohapo kwenye flipa. Ndimi zinagusana wakati wa mapumziko. Flipa ikifika mwisho wa safari yake, mkono wake unazitenganisha, na umeme unapungua. Isukume flipa hadi mwisho uone: ndimi lazima ziachane, nafasi ya milimita 2 au 3.

Zikiwa na masizi, umeme wa kupiga haupiti vizuri, ndiyo flipa "inachoka." Zikikataa kuachana, umeme wa kupiga unabaki ndani ya koili muda wote uliobonyeza kitufe, na koili haikuumbwa kwa hilo, inapata moto haraka. Hapo fyuzi inakatika kama ilivyoagizwa. Na mtu akiweka karatasi ya sigara, haikatiki, ndipo harufu. Sina mashine yako mbele yangu, lakini flipa yako iliyochoka, fyuzi yako na harufu yako naona vyote vinaelekeza hapo. Angalia karatasi iliyoviringwa kwenye koili. Ikiwa imebadilika kuwa ya kahawia wakati ile ya kulia ni safi, iliungua. Ukiwa na maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, linganisha ukinzani wa koili ya kushoto na ya kulia. Zikipishana sana, agiza koili nyingine kwa namba iliyoandikwa kwenye karatasi yake.

Kusafisha ndimi: tupa nyembamba laini, ipitishe katikati mara tatu nne, bila kukandamiza. Msasa usitumie, unaacha chembe. Na hii ni kwa mashine yako ya zamani tu. Pinboli za baadaye, zenye bodi, zilizoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1970, swichi nyingi zina ncha zilizopakwa dhahabu. Hizo ukizipitishia tupa umezimaliza. Kadi ngumu iliyoloweshwa spiriti inatosha.

Sasa onyo ambalo ni lako wewe hasa: weka mbali kopo la mafuta ya cherehani. Najua mkono utakwenda huko wenyewe. Kijiti cha flipa kinafanya kazi kikavu. Ukikitia mafuta kitateleza vizuri wiki mbili, halafu vumbi na joto la koili vitageuza mafuta kuwa gundi. Mashine nyingi nilizoletewa zikiwa "zimekufa" zilikuwa zimetiwa mafuta na mtu aliyezipenda.

Gundi hiyo huenda ndiyo iliyoshika ile 7 yako. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, mota inatuma mapigo, na kila pigo linasogeza gurudumu la namba hatua moja, mpaka swichi ndogo iseme gurudumu limefika 0. Magurudumu yako mengine yamefika, hilo halijafika, basi mashine inaendelea kupiga bila kukoma. Haijaharibika, inasubiri gurudumu moja. Ila usiiache ikisubiri hivyo, maana koili ya gurudumu hilo inapigwa mfululizo na kupata joto.

Ukiwa tayari, tena siku nyingine, si ileile ya flipa, fungua sanduku la juu. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote piga picha, pembe tatu. Tafuta trei tupu ya mayai, vile vitundu 30, uweke kila kitu unachokitoa kwa mpangilio ulivyokitoa, kuanzia kona ya kushoto. Safisha gurudumu na mkono wake kwa spiriti na brashi ya meno. Halafu badilisha kitu kimoja, jaribu, andika kwenye daftari, ndipo uende kingine. Daftari hilo ndilo jibu la swali la mwajiri wangu.

Fyuzi nunua kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kikaratasi kando ya kishikizo chake. Kampala ukizikosa duka moja utazipata la pili. Usizidishe hata kidogo. Na gololi, kama imeota kutu, usiirudishe mezani, itakwangua rangi ya ubao. Ni ya inchi 1 na 1/16, kama milimita 27. Waulize wauza beringi kabla hujaagiza nje.

Kuhusu mama. Usibishane naye. Mwambie tu kwamba hata jiji la New York lilifikiri kama yeye: lilipiga marufuku pinboli mwaka 1942, likisema ni kamari, mpaka mwaka 1976. Marufuku iliondolewa baada ya Roger Sharpe, mwandishi na mchezaji hodari wa pinboli, kuletwa mbele ya madiwani, akawaambia gololi itapita wapi kabla hajairusha, ikapita hapohapo. Mashine yako haitoi pesa, inatoa mchezo wa bure ukiwa hodari. Mwonyeshe hilo siku itakapowaka, umsimamishe mbele ya flipa. Na kaka mwambie asubiri. Kilo za chuma zitakuwepo siku zote, wanunuzi wa chuma chakavu wa Kisenyi, Kampala, hawafungi.

Ukishasafisha flipa na kuweka fyuzi, usiiwashe bado. Nenda kwenye ile 7, plagi ikiwa mezani, usukume mkono wa koili yake kwa kidole mara tatu: 8, 9, 0. Niandikie ilisimama wapi.

Babu Fundi